Pindo

Saa kumi na nusu jioni, soko la ng'ambo linapofunguliwa,
mimi huwa na pini mdomoni.
Hivyo sisemi kitu.
Simu nimeiegemeza kwenye kopo la vifungo,
namba zinashuka, nyekundu,
na mguu wangu unaendelea kukanyaga cherehani
kana kwamba haujaambiwa.

Nje ni Ngara, ni Julai, manyunyu hayana haya.
Odwori wa vioo vya simu amechungulia mlangoni:
"Mimi nimeuza zote, Mama Sketi. Zote!
Jana nimelala kama mtoto."
Macho yake hayakulala.
Nimetikisa kichwa tu.

Miaka sita nimekuwa nikinunua.
Sare za Januari zikanunua kampuni ya chipu, si zile za viazi;
magauni ya harusi za Agosti yakanunua hisa
za watu wanaofundisha mashine kuongea.
Haba na haba, nikasema. Kibaba kikafura.
Mwaka jana nilitazama hesabu
nikajiona mrefu.

Aliyenionyesha njia ni Munyoki, mtoto wa kaka yangu.
Alikuwa na kazi Kilimani, ghorofa ya tisa,
kadi shingoni, na kila neno lake la pili ni wingu.
Wingu! Mvua yake hunyesha wapi? nilimwuliza.
Akacheka. "Shangazi, wewe nunua."

Leo amekuja na suti niliyomshonea alipoajiriwa.
Shingo i tupu.
"Nipunguzie kiuno. Nina usaili Alhamisi."
Nikamzungushia futi.
Inchi mbili na nusu zimeondoka
na hakuna aliyezitangaza kwenye taarifa ya habari.

Akaiona simu. Akaigeuza kifudifudi.
"Nisamehe."
Nikatema pini kiganjani. "Kwani ni wewe uliyeshusha?"
"Ni mimi niliyesema haitashuka."

Daftari langu la vipimo lina ukurasa wa nyuma
ambapo huandika mwili wangu mwenyewe:
teknolojia, sitini na nane katika kila mia,
bondi ya serikali kumi na tano,
benki kumi na mbili,
tano ziko kwenye majani chai, zimelala, hazina neno.
Vazi limebana kifuani, limepwaya kwingine kote.
Kitambaa ni kizuri, sikatai.
Lakini nani atatembea nalo hadi stendi?

Fundi mwoga akiona nguo imezidi hukimbilia mkasi.
Mwaka ukigeuka mteja amenenepa,
anarudi, anafumua, ndani hamna kitu.
Fundi mkaidi naye humwambia mtu, vaa tu, utaizoea.
Nimewahi kuwa wote wawili.

Nikauza kiasi. Kwa hasara, na imeuma,
wala sitaiita hekima:
karo ya Kanini inalipwa Agosti, na shule haipokei matumaini.
Teknolojia ikashuka hadi arobaini na tano.
Zilizobaki baada ya karo zikaenda kwenye bondi,
kitu kisicho na hadithi ya kumsimulia mtu.
"Bonyeza wewe," nikamwambia Munyoki,
"vidole vyangu vina mafuta."
Havikuwa na mafuta.
Alibonyeza kama mtu anayegusa pasi kujua kama ina moto.

Kisha nikamaliza suruali yake.
Aliigeuza ndani nje, akapapasa mshono.
"Mbona hukukata?"
Kiuno chote kilikuwa mle, kimekunjwa,
kimeshikwa kwa uzi mwepesi, mishono mirefu
ya kufumuliwa.
"Vaa," nikasema.

Simu bado imelala kifudifudi.
Odwori anashusha mlango wake wa mabati.
Nimewasha pasi, nangoja ipate moto.